Kibuyu Kilichobaki Kimejaa

Esta mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Mlowo kumuaga shangazi yako, na nimekuacha uende peke yako makusudi. Nilikwambia kiuno kinaniuma. Hakiniumi hata kidogo. Nilitaka nyumba itulie niandike kabla hujarudi, maana wewe ukiwepo mtu hawezi hata kufungua kisanduku bila kuulizwa anatafuta nini.

Mambo ya jikoni sitayagusa. Kusonga ugali unajua, kufua unajua, na mumeo Daudi akikununia utamnunia maradufu, hapo sina wasiwasi. Cheti chako cha safari kimo ndani ya kitambaa cheupe. Chanjo yako imeshika. Jana nilipojifanya nakunyoosha mkono wa gauni nilikuwa naangalia kidonda. Basi, hayo yamekwisha.

Linalonikaa rohoni ni jingine. Tangu mpiga mbiu wa chifu apite akitangaza kwamba ndui imerudi upande wa Rodesia, na kwamba kila anayevuka Tunduma atawekwa karantini siku kumi na nane ndipo aachiwe aendelee, mimi silali. Wewe umecheka. Umesema siku kumi na nane ni nini kwa mtu aliyekwisha kungoja mwaka mzima. Kweli, umengoja. Daudi alikuja likizo, mkafunga ndoa, akarudi mgodini kabla hujazoea kuitwa mke wa mtu, ukabaki kwangu mpaka apewe nyumba. Sasa amepewa, amekuita, na anayekusindikiza ni baba yake, Mzee Silwimba. Kwa hiyo mtafungiwa pamoja huko, wewe na baba mkwe wako.

Safari hiyo niliifanya mimi nikiwa na umri wako. Mume mgodini, ndui njiani, karantini ng'ambo, na baba mkwe wa kunisindikiza. Unaijua habari yenyewe, umeisikia tangu utoto. Lakini umeisikia vibaya, na aliyeiharibu ni mimi.

Unakumbuka wiki iliyopita wanawake walipokuja kukufunda. Shangazi yako alisimama katikati, akajishika kiuno, akasema, "Mnamwona huyu Raheli? Alikaa karantini na baba yangu, yeye na yeye tu, na hakumwona hata kisigino! Baba yangu akafa na heshima yake. Esta, muige mama yako!" Wakapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Mimi niliinama nikaendelea kuchagua mawe kwenye maharage, na maharage yenyewe nilikuwa nimekwisha kuyachagua. Kisha nikainua macho nikakuona unanitazama. Ulikuwa unajivunia mama yako.

Esta, mimi sikumheshimu babu yako. Nilimwacha akafa.

Haya, nimeliandika. Neno limeshakaa kwenye karatasi na wino sina wa kupoteza. Ngoja nianze mwanzo.

Kwetu Ibaba, wakati naolewa, mke hakumtazama baba mkwe. Nimekufunza hayo na kwa akina Silwimba umeyakuta, lakini wewe umeyaona yakiwa yamelegea. Sisi yalitubana. Akitokea njiani unaingia majanini, unajifunika kaniki yako mpaka nyayo zake zipotee. Hampiti mlango mmoja, hamlali chini ya paa moja, jina lake hulitaji hata ukiwa peke yako shambani. Tuliambiwa mwanamke anayevunja hayo mimba haimkai. Nilikaa kwa wakwe miaka miwili na sikuijua sura ya mzee yule. Niliijua sauti yake ya kukohoa. Alikuwa anakohoa makusudi kabla ya kupinda kona ya nyumba, mara mbili, ili nipate muda wa kukimbia. Wazee wengine walikuwa wanakuja tu, wakikukuta wanakasirika. Yeye alikohoa.

Baba yako Yohana alikuja likizo, akarudi kwenye shaba, na alipoondoka wewe ulikuwa umeshaingia tumboni bila yeye kujua. Baadaye ikaja barua kwamba nimfuate. Wa kunipeleka alikuwa shemeji yangu, lakini siku mbili kabla ya safari alijikata mguu kwa jembe. Nililia siku nzima. Nilidhani safari imekufa. Asubuhi nikasikia kikohozi nyuma ya nyumba, mara mbili, kisha sauti ya mzee ikimwambia mkewe, "Mwambie mke wa Yohana afunge mzigo. Nitatangulia."

Tukaenda kwa miguu siku tatu mpaka Tunduma, yeye mbele, mimi nyuma sana, hata mgongo wake sikuuona. Njia zilipogawanyika nilikuta tawi bichi limelazwa kukata njia isiyofaa, nikajua nipite nyingine. Kwenye mto wa kwanza nilikuta fimbo imesimikwa ukingoni, imechongwa vizuri, niipimie kina. Kila mahali alipopumzika aliacha muhogo wa kuchoma juu ya jani, bado una moto. Sijawahi kutunzwa vile na mtu, Esta. Hata baba yako, Mungu amrehemu, aliyenipenda, hakujua kunitunza vile. Na yote hayo bila neno hata moja.

Tulivuka. Upande wa pili, mwendo wa nusu siku tu, tukakuta kambi. Askari, karani mwenye meza, na dresa, mtu wa dawa na vidonda, aliyevaa kaptula. Watu wa safari moja walipewa kibanda kimoja na kiwanja chake, na kiwanja kilizungushiwa kamba ya katani. Amri ilikuwa hiyo kamba. Ukiivuka ukaingia kwa watu wengine, siku zako zinaanza upya. Akiugua mmoja wenu, siku zenu wote zinaanza upya. Karani alitusomea mara mbili kwa Kiswahili na mara moja kwa Kibemba.

Nilimwambia karani, nikiwa nimejifunika uso, kwamba siwezi kulala kibanda kimoja na baba mkwe wangu. Akacheka. "Mama, huku hakuna wakwe. Huku kuna wagonjwa na wasiougua bado." Lakini babu yako alikuwa amesikia. Hakungoja niongeze neno. Alichukua mkeka wake akautandika nje, upande wa nyuma, chini ya ukingo wa paa ambao haukutosha hata kumfunika magoti. Ulikuwa mwezi wa sita. Unaijua baridi ya mwezi wa sita, na wewe unailalia ndani na blanketi mbili.

Tukapanga maisha yetu bila kusemezana. Kati ya mlango wangu na mkeka wake, pembeni ya kibanda, palikuwa na jiwe pana. Mimi ndiye niliyetoka kuchota maji kwenye pipa lililowekwa kando ya kamba. Najaza kibuyu, nakiweka juu ya jiwe pamoja na chakula, nagonga kibuyu kwa vidole, narudi ndani. Nasikia anakuja. Nasikia anakunywa. Nasikia anakohoa mara mbili, maana yake amemaliza, nikachukue. Siku kumi zilikwenda hivyo. Nilizihesabu kwa mafundo kwenye uzi wa kaniki yangu. Siku kumi na nane zikiisha ningepanda lori nimwone Yohana nimwambie habari za tumbo. Nilikuwa naizoeza midomo jinsi nitakavyomwambia.

Siku ya kumi na moja niliweka kibuyu, nikagonga, nikarudi ndani. Sikusikia mtu akija. Mchana nilichungulia kwa upenyo wa matete nikaona kibuyu kipo pale pale. Jioni kipo. Nikakisogelea nikakitikisa, kimejaa. Upande wa mkeka nilisikia meno yakigongana. Homa.

Nikafanya nini? Nilichukua mti mrefu uliokuwa umeegemezwa ukutani, nikajifunika uso, nikageuza shingo kando, nikaanza kukisukuma kibuyu kwa ule mti kumwelekea. Cheka ukitaka. Mtu mzima nasukuma maji kwa mti kama anayefukuza nyoka. Kibuyu kikaviringika, kikaanguka, maji yakamwagika yote mchangani. Nikachota mengine. Na unajua niliyaweka wapi? Nikayarudisha pale pale juu ya jiwe, nikagonga, nikaingia ndani.

Kiwanja cha pili alikuwepo mama mmoja wa Kinamwanga na wanawe. Aliyaona yote. Akanisogelea mpaka kwenye kamba akaniita, "We binti! Mpelekee mzee maji mdomoni!" Nikamwambia, "Ni mkwe wangu, mama." Akasema, "Najua ni mkweo. Nakuuliza, ana kiu au hana?" Nikaingia ndani nikafunga mlango wa matete. Yeye asingeweza kuivuka kamba, alikuwa na watoto watatu na siku zake zilikuwa zinakaribia kwisha. Kwa hiyo kati ya wasafiri wote wa kambi, mtu aliyeruhusiwa kufika kwenye ule mkeka alikuwa mmoja tu, na ndiye mimi.

Siku ya kumi na tatu, jua likiwa juu, aliniita. Hakukohoa. Aliniita kwa jina. "Raheli." Nilikuwa nimekaa ndani nimeegemea ukuta, na yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta huo huo, nadhani hata mkono wangu ungepita kwenye matete ungemgusa. "Raheli. Mwanangu. Maji." Miaka miwili kwao hakuwahi kulitamka jina langu, maana naye mila ilimfunga kama ilivyonifunga mimi. Aliivunja yeye kwanza, mzee yule, ili nisiwe na kazi ya kuianza. Nilichofanya ni kujifunika kaniki kichwani na kuziba masikio. Sikuitika.

Aliniita mara tatu. Mara ya nne alisema "mwanangu" tu.

Sasa ngoja, usilie kwanza, na usinitetee. Nakujua, utasema mama alikuwa mdogo, mama alikuwa na mimba, mama aliogopa mila. Ndivyo nilivyojitetea mwenyewe miaka yote hii, na ukiyasoma niliyoandika hapo juu utaona bado najitetea. Kuna kitu nimekiruka. Nimekaa hapa nikanywa maji, nikatoka nje nikatazama miche ya kahawa, nikarudi, na bado sitaki kukiandika.

Ni dresa. Kila asubuhi alipita nyuma ya kamba na daftari lake, kiwanja kwa kiwanja, anauliza, "Hamjambo hapo?" Hakuingia ndani, naye alikuwa na woga wake. Mkimjibu hamjambo anaandika anapita. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili aliuliza. Nikajibu, "Hatujambo." Akasema, "Mzee yuko wapi?" Nikasema, "Amelala, alisumbuliwa na baridi." Akaandika, akapita. Asubuhi ya kumi na tatu akauliza, nikajibu hatujambo. Asubuhi ya kumi na nne, baada ya mzee kuniita kwa jina langu na kuniita mwanangu, dresa akauliza, na mimi nikasimama mlangoni nimenyoosha mgongo nikajibu, hatujambo.

Kumwambia dresa "baba mkwe anaumwa" hakukatazwi na mila yoyote. Ningeweza kusema bila kumtazama, bila kumkaribia, bila kulitaja jina lake. Dresa angempelekea maji yeye mwenyewe. Lakini siku zetu zingeanza upya, na mimi nilikuwa nimebakiza mafundo manne nimfikie mume wangu. Ndiyo hiyo. Hiyo ndiyo sababu yenyewe, nyingine zote ni nguo niliyoivika. Nilimtaka Yohana. Nilijificha nyuma ya mila kwa sababu ilikuwa hapo karibu na watu wote wangeiheshimu.

Asubuhi ya siku ya kumi na tano yule mama wa Kinamwanga, aliyekuwa akingoja niseme mwenyewe, alipiga kelele. Dresa akaingia. Sikuwa na haja ya kuuliza. Baadaye karani akaniita, akasema sheria inataka ndugu athibitishe, na ndugu ni mimi. Nikasema siwezi, ni mkwe. Safari hii hakucheka. Akanishika kiwiko akanipeleka, akaifunua blanketi.

Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona usoni. Alikuwa na masikio yaliyosimama, kama haya yako ninayokutania kila unaposuka nywele. Midomo ilikuwa imepasuka. Vipele ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza kutoka kwenye paji. Dresa alimwambia karani, nami nasikia, kwamba ndui haiui upesi hivyo, mzee huyu amemalizwa na baridi na kiu. Kisha akageuka akanitazama, akalitazama jiwe, akakitazama kibuyu. Aliandika kwenye daftari lake akaondoka.

Walimzika watu wa kambi, nyuma ya vichaka. Mkeka wakauchoma, na kibuyu pia. Na siku zangu zikaanza upya kutoka ya kwanza, zote kumi na nane, nikiwa peke yangu na lile jiwe.

Mimba ilikaa. Ulizaliwa mzima, unalia kwa sauti ya kukera, na kila mtu akasema Mungu ameibariki heshima ya Raheli.

Baba yako nilipomfikia aliniuliza jambo moja tu. "Baba alikufaje?" Nikamwambia, "Sikumwona. Nilimkwepa mpaka mwisho, kama inavyotakiwa." Akalia, akanishika mikono yote miwili, akaniambia, "Umemheshimu baba yangu." Nikamwacha aamini hivyo. Angeniuliza tena ningesema, nakuapia, lakini hakuuliza tena. Tulirudi, tukahamia huku Mbozi, tukapanda kahawa, kifua kikamshika, akafa, na mpaka siku ya mwisho aliwasimulia wageni habari ile kwa fahari. Nilikuwa nawaandalia wageni chai huku nasikiliza.

Na shangazi yako! Yule ni binti wa yule mzee, Esta. Nimekula naye, nimelia naye misibani, amenisuka, nimemzalisha mtoto wake wa mwisho kwa mikono hii. Kila akinisifu natamani ardhi inipokee. Wakati mwingine namchukia kwa kunisifu, halafu najichukia mimi kwa kumchukia. Hivi ndivyo nilivyoishi. Ulikuwa unaniuliza kwa nini siwezi kuona chombo cha maji kimewekwa juu ya jiwe, hata kisimani, bila kukiondoa. Nilikuwa nakugombeza tu. Nilikugombeza sana katika maisha yako kwa mambo ambayo hayakukuhusu, na kwa hilo nakuomba msamaha pia.

Sikuandikii haya ili uzidharau mila za watu wa mumeo. Wafunikie uso, wapishe kwa kuingia majanini, wakikohoa ukimbie, ni adabu nzuri na ina utamu wake. Mimi yule mzee alinitunza ndani ya mila hizo hizo, kwa tawi na kwa fimbo na kwa muhogo. Alikuwa ameziishi miaka yote, na siku zilipomfikisha mahali pagumu alijua pa kuziacha. Mimi sikujua. Au nilijua, nikajifanya sijui, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Juzi nilipokwambia nakwenda kusaga, nilikwenda kwa Mzee Silwimba. Nilimkuta anafunga mizigo yake. Sikumweleza kisa changu, nilimwambia tu, "Mzee, huko mnakokwenda, ukishikwa na homa, mwite binti yangu kwa jina." Alikunja uso. "Mama Esta, jina la mke wa mwanangu sijawahi kulitamka. Hayo hayafanywi." Nikamwambia najua hayafanywi, ndiyo maana nimekuja mwenyewe kumwomba. Akaendelea kufunga kamba. Kisha, bila kunitazama, akasema polepole kama mtoto anayejifunza kusoma, "Esta." Nikamwambia tena. Akasema, "Esta." Tukaagana. Nililia njia nzima mpaka nyumbani, na wewe ukaniuliza mbona unga sina.

Barua hii nitakupa mkononi asubuhi, lori likiwa tayari. Ningeweza kukwambia leo jioni ukirudi, lakini nikikuona uso nitageuza maneno, nitaanza kukueleza habari za chumvi na sabuni. Ni woga ule ule, bado ninao. Isome ukiwa juu ya magunia, kabla hujafika Tunduma. Ukimaliza, huenda usitake kuniandikia. Sitakulaumu. Huenda jina la mama likawa gumu mdomoni mwako kwa muda, na huo muda ukawa mrefu, na mimi si kijana. Nimelipima hilo. Nimeona bora nikukose wewe kuliko wewe uje ukae kama mimi, mwanamke anayesifiwa na watu wote na asiyeweza kula shibe yake.

Shangazi yako naye, wewe ukiondoka nitakwenda kwake Mlowo. Nitamwambia kwa mdomo, kwa sababu yeye ana haki ya kunipiga. Sijui kama nitarudi nikiwa bado ni wifi yake.

Nasikia mbwa wa jirani anabweka, nadhani ni wewe unapanda kilima. Nitaficha karatasi hizi chini ya unga na nitakuuliza habari za safari kama kawaida, nawe utaniuliza kiuno.

Mwanangu, siku zako kumi na nane zinaweza kuwa salama kabisa. Naomba Mungu ziwe salama, mzee akohoe, wewe ukimbie, mfike mcheke na Daudi, na barua hii uione ya mwanamke aliyeanza kuzeeka vibaya. Lakini asubuhi dresa akipita nyuma ya kamba akakuuliza kama hamjambo, usimjibu papo hapo. Geuka kwanza, umtazame mzee usoni, ndipo ujibu.

Jina la babu yako unalijua, ulilisikia kwa baba yako. Kwangu hujawahi kulisikia, hata mara moja, na hakuna aliyewahi. Yeye alilitamka langu mara tatu.

Ni mimi mama yako,
Raheli, mke wa mwana wa Kajange.